Mwalimu wa Kuzunguka: Kutoka Virginia hadi Kabete na Githunguri

Utangulizi

Historia ya elimu katika Afrika ya Mashariki imezoea kuandikwa kwa kufuata tume, sheria na misheni. Mwalimu mwenyewe, hasa yule aliyezeekea katika shule ya kijijini, hutajwa katika hesabu tu: walimu kadhaa, shule kadhaa, ruzuku kadhaa. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanachunguza aina moja ya mwalimu, yaani mwalimu wa kuzunguka, ambaye kazi yake haikuwa kushika darasa moja bali kuzitembelea shule nyingi maskini, kuwaongoza walimu wake na kuingia katika nyumba za wazazi. Mwalimu huyu alianza kazi katika jimbo la Virginia, Marekani, mwaka 1908, na mfano wake ukaletwa Kabete, Kenya, mwaka 1925. Inajadiliwa hapa kwamba kilichovuka bahari kilikuwa umbo la kazi yake tu. Msingi wa kazi hiyo, yaani miaka mingi ambayo mwalimu alikaa miongoni mwa watu wake na imani waliyompa, haukuweza kuhamishwa kwa ripoti wala kwa ruzuku.

Virginia Randolph na shule za Henrico

Virginia Estelle Randolph alikuwa mtoto wa wazazi waliopata kuwa watumwa. Mwaka 1892 alianza kufundisha katika shule ya Mountain Road, wilaya ya Henrico, karibu na mji wa Richmond. Shule hiyo ilikuwa ya chumba kimoja, na uwanja wake ulikuwa tope. Serikali ya jimbo ilizitenga shule za watoto weusi na kuzipa fedha kidogo mno, na katiba ya Virginia ya mwaka 1902 iliwanyang'anya Wamarekani Weusi walio wengi haki ya kupiga kura. Kwa hiyo mzazi mweusi hakuwa na njia ya kumwajibisha mtu yeyote kwa hali ya shule ya mwanawe.

Randolph alianza na kile kilichokuwa karibu naye. Alinunua changarawe kwa fedha zake mwenyewe ili uwanja upitike, akapanda miti na maua, na pamoja na kusoma na kuhesabu akawafundisha watoto kushona, kupika na kusuka vikapu. Wazazi hawakumshangilia. Wengi walinung'unika kwamba watoto wao walipelekwa shuleni kusoma vitabu, si kufanya kazi za mikono ambazo wangeweza kuzifanya nyumbani. Manung'uniko hayo yafaa yakumbukwe, maana yatasikika tena Kenya. Randolph aliyajibu kwa kwenda majumbani na makanisani, siku za Jumapili pia, na kwa kuendelea kukaa palepale. Alikaa katika shule ile miaka 16 kabla ya mtu yeyote wa mbali kumtambua.

Mwaka 1907 Anna T. Jeanes wa Philadelphia, mwanamke tajiri wa madhehebu ya Marafiki, madhehebu yale yale yaliyofungua misheni ya Kaimosi magharibi mwa Kenya mwaka 1902, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za msingi za Wamarekani Weusi wa Kusini. Jackson Davis, msimamizi mkuu wa shule za Henrico, aliomba sehemu ya fedha hizo ili Randolph aziangalie shule zote za watoto weusi wilayani. Mwaka 1908 Randolph akawa mwalimu wa kwanza wa Jeanes, kwa mshahara wa dola 40 kwa mwezi, na zaidi ya shule 20 zikawekwa chini ya uangalizi wake. Mwaka huo huo aliadhimisha siku ya kupanda miti kwa kupanda pamoja na wanafunzi wake miti 12 ya aina ya sikamori. Ripoti ya kazi yake ilichapishwa na kupelekwa katika wilaya nyingine za Kusini, na utaratibu wake ukaigwa huko kwa jina la Mpango wa Henrico.

Kazi iliyoanza kwa vikapu na sindano haikuishia hapo. Mwaka 1915 ilifunguliwa shule iliyopewa jina la Randolph mwenyewe. Iliteketea kwa moto mwaka 1929, ikajengwa upya, na hatimaye ikawa shule ya sekondari. Watoto waliotoka mbali aliwapa makao nyumbani kwake. Alistaafu mwaka 1949, baada ya miaka 57 ya ualimu, akafariki mwaka 1958. Walimu wa Jeanes waliomfuata, ambao wengi wao walikuwa wanawake, walichangisha fedha za majengo, walirefusha muhula wa masomo na kuwafunza walimu wenzao, hadi mpango huo ulipokoma mwaka 1968.

Hapa pana jambo la kutafakari. Wafadhili walikuwa na nia yao, na walimu wakawa na yao. Elimu ya kazi za mikono ilipendwa na wengi wa wenye mamlaka Kusini kwa kuwa haikutishia utaratibu wa ubaguzi. Mwalimu wa Jeanes aliipokea kama mlango uliokuwa wazi, akaingia nao, na alipokwisha kuingia akadai darasa, kisha shule, kisha sekondari. Hakuandika ilani. Alitumia muda, na muda huo alikuwa nao kwa sababu hakuna aliyemhamisha.

Safari ya wazo hadi Kabete

Aliyelieneza wazo hili Afrika hakuwa mwalimu wa kijijini. Thomas Jesse Jones, mzaliwa wa Wales, alikuwa amefundisha katika Chuo cha Hampton, Virginia, ambako Booker T. Washington alisomeshwa. Mwaka 1917 Jones alitoa ripoti kubwa kuhusu elimu ya Wamarekani Weusi, na mwaka 1918 W. E. B. Du Bois aliishambulia kwa hoja kwamba ilikuwa ikiwafungia weusi mlango wa elimu ya juu na kuwaweka chini ya uangalizi wa wazungu. Jones huyo huyo ndiye aliyeongoza Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo James Aggrey, mzaliwa wa Anomabu katika nchi ambayo sasa ni Ghana.

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 1925 Chuo cha Jeanes kilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa msaada wa Shirika la Carnegie la New York, na James W. C. Dougall, aliyekuwa katibu wa tume, akawa mkuu wake wa kwanza. Walimu wanaume, waliochaguliwa hasa na misheni, walikuja kwa mafunzo ya miaka miwili pamoja na wake zao na watoto. Kila jamaa iliishi katika nyumba yake, ikalima bustani yake, na wake wakafundishwa malezi, usafi na ushonaji. Baadaye mwalimu alirudi kwao kuzisimamia shule za vijijini zilizokuwa chini ya misheni yake. Mfano huo ulienea pia hadi Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, na Rhodesia zote mbili.

Ukilinganisha Henrico na Kabete, tofauti tatu zinajitokeza. Kwanza, Randolph alitambuliwa baada ya kazi kuonekana. Mwalimu wa Kabete alipewa cheo ili kazi ianze. Pili, uti wa mgongo wa mpango wa Marekani ulikuwa wanawake walioajiriwa kwa majina yao wenyewe. Kenya mwajiriwa alikuwa mume, na mke aliyefanya nusu ya kazi ile akahesabiwa kuwa msaidizi wake. Tatu, mwalimu wa Henrico alisimama baina ya jamii yake na ofisi ya wilaya, lakini mwalimu wa Kabete alikuwa pia na misheni iliyomteua, na misheni hiyo ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwalimu wa Kenya alikifahamu kitanda hicho vizuri, ila hakuruhusiwa kukitandika apendavyo.

Suala la lugha

Kwa wanazuoni wa lugha, mapendekezo ya Tume ya Phelps-Stokes yana umuhimu wa pekee. Tume ilishauri kwamba lugha ya kabila itumiwe katika madarasa ya chini; kwamba penye lugha nyingi, lugha ya Kiafrika inayounganisha watu itumiwe katika madarasa ya kati; na kwamba lugha ya taifa la Kizungu lililotawala itumiwe katika madarasa ya juu. Mpango huo wa ngazi tatu umeacha alama katika mijadala ya lugha nchini Kenya hadi leo.

Mzigo wa mpango huo ulimwangukia mwalimu. Kabete ilikutanisha watu wa lugha mbalimbali, lakini kazi yao ilikuwa katika vijiji ambako mama mkulima alitaka kuelezwa jambo kwa lugha yake. Vitabu vya lugha za kikabila vilikuwa vichache, na vingi kati ya hivyo vilikuwa vya dini au vya kujifunzia kusoma. Mwalimu wa kuzunguka aliyetaka kueleza mmomonyoko wa udongo au namna ugonjwa unavyoambukizwa ilimpasa atafute neno palepale, mbele ya wazee waliokuwa hodari wa lugha kuliko yeye. Kazi hiyo ya kuunda istilahi haikuwekwa katika kamusi kwa jina lake. Hata hivyo si bure kwamba T. G. Benson, aliyepata kuwa mkuu wa chuo hicho cha Kabete, ndiye aliyehariri kamusi ya Kigikuyu na Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1964. Chuo kilichokusudiwa kufundisha kilimo na usafi kilikuwa pia mahali ambapo lugha ilisikilizwa.

Njia ya pili kutoka Virginia

Wakati Kabete ikitoa walimu wake, wazazi wa Mkoa wa Kati walikuwa wakiuliza swali lile lile la wazazi wa Henrico: vitabu viko wapi? Ugomvi wa mwaka 1929 baina ya misheni na Wagikuyu kuhusu tohara ya wanawake uliongeza moto katika hoja iliyokuwa ikichemka tayari. Jamii nyingi zilijitenga na misheni na kujenga shule zao zenyewe kwa michango yao. Mwalimu aliyelelewa na misheni alijikuta penye njia panda: upande mmoja mwajiri wake, upande wa pili watu wa nyumbani kwake.

Hapo ndipo Virginia ilipofika Kenya mara ya pili, kwa njia nyingine. Peter Mbiyu Koinange aliingia Chuo cha Hampton mwaka 1927, chuo kile kile alichokuwa amefundisha Jones. Kutoka huko aliendelea na masomo Ohio, kisha akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Columbia. Alirudi Kenya mwaka 1938, na mwaka 1939 Chuo cha Walimu cha Githunguri kikafunguliwa, yeye akiwa mkuu wake. Kilijengwa kwa michango ya wananchi, na marika yalishindana kutoa. Mwaka 1947 Jomo Kenyatta alishika ukuu wa chuo hicho.

Hampton ilikuwa mzizi mmoja wenye matawi mawili. Jones alichukua huko fundisho la elimu inayomfaa mtu mweusi kwa kadiri iliyoamuliwa na wengine. Koinange alichukua huko ushahidi kwamba watu weusi waweza kuendesha taasisi zao na kupanda hadi shahada. Githunguri haikudumu. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952 chuo kilifungwa, na mahali palipofunzwa walimu pakageuzwa kuwa mahali pa kunyongea watu. Walimu wa shule hizo walipoteza kazi, na wengine uhuru wao. Hasara haikuwa ya majengo tu: jamii ilinyimwa ile miaka 57 ambayo Henrico ilipewa, muda wa mwalimu kukomaa, kukosea, kurekebishwa na watu wake na kuacha mrithi.

Kabete nayo iligeuka. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili ilitumiwa kwa mafunzo ya askari, na baada ya vita ikawa mahali pa kozi za watu wazima na maendeleo ya jamii. Mwaka 1961 ikawa Taasisi ya Utawala ya Kenya, na tangu mwaka 2012 ni Chuo cha Serikali cha Kenya. Pale walipofundishwa walimu wa vijiji hufundishwa sasa maofisa wa serikali.

Hitimisho

Ni rahisi kuuhukumu mpango wa Jeanes kwa neno moja. Anayemfuata Du Bois ataona ndani yake hila ya kumdumisha mtu mweusi chini, na ushahidi anao. Anayezifuata ripoti za wafadhili ataona wema, na wema ulikuwapo. Hukumu zote mbili zinamtazama aliyetoa fedha na kumwacha aliyefanya kazi. Ukimtazama Randolph, unaona kwamba mtaala uliokusudiwa kuwa dari uliweza kugeuzwa kuwa ngazi, mradi mwalimu apewe muda mrefu na awe na watu wanaomwamini. Ukiwatazama walimu wa Kabete, unaona watu wenye bidii ile ile walionyimwa moja ya mambo hayo au yote mawili.

Kizazi cha walimu hao wa Kabete kimekwisha kupita, na wanafunzi wao waliosalia ni wazee sana. Maneno waliyoyaunda kwa ajili ya kilimo, afya na hesabu yamo bado katika vinywa vya wazee hao, katika Kigikuyu, Kiluyia, Dholuo, Kikamba, Kitaita na lugha nyingine, na katika Kiswahili walichokitumia baina yao. Wake zao, waliofundisha bila cheo, wameandikwa kidogo zaidi kuliko wote. Idara za lugha ndizo zenye nyenzo za kuikusanya hazina hiyo, maana ni kazi ya msamiati na masimulizi kabla ya kuwa kazi ya takwimu. Inafaa ianze na wale wazee wa miaka 90 na zaidi, na ianze mapema.