Mahakama ilipobadili mfumo wa kesi: mambo ya kujua ukiwa na shauri Kibaha au Kisarawe

Umetoka Maneromango alfajiri, nauli ya kwenda na kurudi imekatika mfukoni. Unafika masijala, unataja namba ya kesi yako. Karani anaandika kwenye kompyuta, anatikisa kichwa: "Hii namba haisomi."

Usikimbilie kusema jalada limeibiwa. Huenda unatafuta namba ya mfumo wa zamani ndani ya mfumo mpya. Haya ndiyo mambo ya kujua.

Mfumo wa zamani ulikuwa upi?

Uliitwa JSDS. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "dashibodi ya takwimu za mahakama", na hapo ndipo lilipokuwa tatizo lake. Ulianza kama chombo cha kuhesabu: kesi ngapi zimefunguliwa, ngapi zimeisha, ngapi zimekaa muda mrefu.

Baadaye toleo lake la pili likaongezewa kazi ya kupokea nyaraka kwa mtandao. Msingi wa kisheria ukawa Kanuni za Ufunguaji Mashauri kwa Njia ya Kielektroniki za mwaka 2018, Tangazo la Serikali Na. 148.

Ni kama nyumba iliyojengwa ya vyumba viwili, kisha kila mwaka unaongeza kibanda pembeni. Inakaliwa, lakini mvua ikinyesha unajua pa kuweka ndoo.

Mpya unaitwaje?

Unaitwa e-CMS. Mahakama ya Tanzania ilianza kuhamia huko mwishoni mwa 2023, wakati Jaji Mkuu akiwa Prof. Ibrahim Hamis Juma. Ni sehemu ya maboresho makubwa ya Mahakama, ambayo yalipata mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia 2016.

Tofauti kubwa ni hii: mfumo wa zamani ulikuwa zaidi wa kuhesabu na kupokea. Huu mpya umekusudiwa kuibeba kesi yenyewe, kuanzia kufunguliwa, kupangiwa hakimu, kupewa tarehe, hadi hukumu.

Namba yako: zamani na sasa

Zamani uliweza kuona "Rufaa ya Madai Na. 12 ya 2022". Baada ya kuhamia e-CMS, namba za mashauri zikawa kubwa, za tarakimu nne hata tano. Tena kuna namba ndefu ya kumbukumbu inayoanza na mwaka, mwezi na siku.

Kwa hiyo kama kesi yako ilianza kabla ya mabadiliko:

- Andika namba zote ulizowahi kupewa, usitupe hata moja.
- Andika majina ya wadaawa kama yalivyo kwenye hati ya kwanza. Herufi moja ikipungua, mfumo unaweza usikuone.
- Beba nakala ya hati yenye muhuri na risiti ya malipo. Karatasi hizo ndizo shahidi wako kama taarifa hazikuhamishwa vizuri.

Popote duniani, kuhamisha taarifa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine ndiyo kazi ngumu kuliko kununua programu. Kesi iliyoisha haina shida kubwa. Kesi iliyo katikati ndiyo hatari: tarehe iko kwenye daftari, amri iko kwenye jalada, na mfumo unajua nusu tu.

Siku zako za rufaa hazisubiri mfumo

Hapa ndipo watu wanapoteza mashamba. Sheria imeweka muda:

- Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya: siku 30.
- Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, kutoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu: siku 30.
- Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu: siku 45.

Pwani ni mkoa wa kesi za viwanja na mashamba, hivyo hiyo ya siku 45 ishike vizuri. Katika baadhi ya rufaa, muda uliosubiri nakala ya hukumu unaweza kuondolewa kwenye hesabu, lakini lazima uthibitishe. Omba nakala kwa barua, mapema, na ubaki na kopi iliyogongwa muhuri.

Shauri limefunguliwa lini hasa?

Swali hili limewagawa hata majaji. Kanuni za 2018 zilisema hati iliyotumwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku inahesabika imewasilishwa siku hiyo. Lakini uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliochapishwa kwenye ripoti za sheria za 1992 ulisema tarehe ya kufungua ni ile ya kulipa ada, si ya kupokelewa karatasi.

Wewe usiingie kwenye ubishi huo. Ukipata kontroo namba, lipa siku hiyo hiyo kwa simu au benki. Usiseme "nitalipa kesho".

Mfumo ukiwa chini je?

Kanuni hizo za 2018 zilitoa njia. Aliyekosa muda kwa sababu ya hitilafu ya mtandao alitakiwa kumwarifu Msajili au Hakimu Mfawidhi kabla ya saa 9:00 alasiri ya siku ya kazi inayofuata, na kuomba nafuu. Uliza masijala utaratibu ulivyo sasa, lakini busara yake inabaki ile ile:

- Piga picha ya skrini inayoonyesha hitilafu, tarehe na saa vionekane.
- Toa taarifa kwa maandishi haraka. Kulalamika baada ya wiki mbili hakusaidii.
- Usisubiri siku ya mwisho. Bando linaisha, umeme unakatika, na mfumo nao una siku zake.

Sina simu janja, nifanyeje?

Kitochi hakikufungi mlango wa haki. Wengi huenda steshenari kuskani na kutuma. Sawa, lakini angalia mambo mawili. Kwanza, akaunti ifunguliwe kwa jina lako, namba yako ya simu na ya NIDA, si ya mwenye duka. Akihama au mkigombana, taarifa za kesi zitakwenda kwake. Pili, nywila andika ukaihifadhi nyumbani.

Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri yako.

Na jua pa kwenda. Kibaha ndiyo makao makuu ya mkoa, na Mahakama ya Hakimu Mkazi ya mkoa iko huko. Kisarawe ina Mahakama yake ya Wilaya. Wa Kiluvya, upande wa Kisarawe, wako karibu zaidi na Kibaha kwa Barabara ya Morogoro, ila ukaribu wa daladala haubadilishi mamlaka ya mahakama. Uliza kabla ya kulipa.

Majirani nao

Hatuko peke yetu. Uganda ilizindua mfumo wake, ECCMIS, Machi 2022. Kenya ilianza Nairobi Julai 2020, ikapeleka nchi nzima Machi 2024. Kote huko kompyuta ilikuja kwanza, mazoea yakafuata polepole.

Mfumo mzuri unaweza kukuokolea nauli ya kwenda kusikia kesi imeahirishwa. Ila haukumbuki kwa niaba yako. Namba, risiti, tarehe: vitunze kwenye bahasha moja, na mtu mmoja nyumbani ajue ilipo.