Siku Tatu za Maji: Historia ya Muhogo na Ugonjwa wa Konzo nchini Kongo

1. Utangulizi

Katika nyumba nyingi za Kongo, kuuliza kama watu wamekula ni kuuliza kama ugali umepikwa. Katika sehemu kubwa ya nchi ugali huo ni wa muhogo, na huko Kwango na Kwilu huitwa luku. Muhogo umewavusha watu katika misimu ya njaa, umewalisha wenyeji wa miji na kuwapatia wakulima fedha. Lakini historia yake ina ukurasa mwingine usiosomwa mara nyingi, yaani ukurasa wa watoto na akina mama waliokuwa wazima, kisha katika muda wa siku chache, au hata wa saa chache, wakashindwa kutembea. Ugonjwa wao huitwa konzo. Hauambukizi, hauui kwa haraka, na wala haujapatiwa dawa ya kuuponya. Aliyepatwa nao hubaki na miguu iliyokakamaa maisha yake yote.

Makala haya yanafuata historia ya ugonjwa huo kwa kusudi la kuonyesha jambo moja. Mara nyingi magonjwa yatokanayo na chakula huelezwa kuwa ni matunda ya ujinga wa wapishi. Habari za konzo zinaonyesha kinyume chake. Elimu ya kuondoa sumu ya muhogo ilikuwako vijijini kabla ya maabara yoyote. Kilichopungua ni muda wa kuitumia.

2. Mmea wa kigeni na elimu yake

Muhogo si mmea wa asili ya Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha kwenye pwani ya Kongo katika karne ya 16. Kutoka hapo uliingia bara polepole na kushika nafasi ya nafaka na viazi vikuu mahali pengi. Sababu za kupendwa kwake zinaeleweka. Huota katika ardhi ya mchanga isiyo na rutuba, huvumilia ukame, na mizizi yake huweza kubaki ardhini kama ghala mpaka siku itakapohitajika. Baadaye serikali ya kikoloni ya Kibelgiji nayo iliuhimiza kwa kuwa ulikuwa kinga dhidi ya njaa na chakula cha bei nafuu kwa wafanyakazi.

Aina zinazoitwa muhogo mchungu zilipendelewa katika maeneo mengi kwa sababu uchungu wenyewe ni ulinzi: wanyama wa porini huuepuka, na mwizi hawezi kuung'oa na kuutafuna papo hapo. Uchungu huo huandamana na dutu iitwayo linamarini, ambayo imo ndani ya mzizi. Mzizi ukiwa mzima, linamarini hutulia. Chembe za mzizi zikivunjika, hukutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo, ikavunjika na hatimaye kutoa sianidi. Sianidi ni sumu kali, lakini huyeyuka majini na kuruka hewani.

Hapo ndipo penye maana ya kazi ya akina mama kwenye vijito na madimbwi. Mizizi iliyomenywa na kulowekwa kwa siku tatu au zaidi hulainika; chembe zake hufunguka, linamarini huvunjika, na sumu huondoka. Baadaye mizizi huanikwa juani, hutwangwa na kuchekechwa. Kinyume chake, mzizi ulioanikwa kabla ya kulainika hukauka ukiwa bado na linamarini nyingi ndani yake. Wapishi hawakuhitaji kulijua jina la sumu. Walijua kwamba mzizi unaokataa kubonyea kwa kidole haujawa chakula.

3. Jina lililotoka kwa wagonjwa

Ugonjwa huu uliingia katika maandishi ya tiba mwaka 1938, kwa ripoti ya daktari Mwitalia Giovanni Trolli, aliyekuwa akiutumikia utawala wa Kibelgiji. Ripoti hiyo, iliyochapishwa Brussels, ilikusanya habari kutoka Kwango kuhusu maradhi mawili ambayo asili yake ilikuwa haijajulikana. Mojawapo lilikuwa ni kupooza kwa miguu kulikotokea kwa mkumbo vijijini.

Jambo la kuangaliwa na wanaisimu ni kwamba Trolli hakulibandika ugonjwa jina la kitabibu peke yake, bali alilihifadhi neno la wenyeji. Katika lugha ya Wayaka, konzo ni miguu iliyofungwa. Neno hilo linaueleza mwendo wa mgonjwa vizuri kuliko maelezo mengi ya kitabibu: magoti hugongana, visigino havigusi ardhi, na miguu hupishana kana kwamba imefungwa kamba. Leo neno hilo la Kiyaka ndilo jina la ugonjwa katika vitabu vya tiba vya dunia nzima, na mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo vya kuutambua kwa jina hilohilo. Mgonjwa ndiye aliyelipa tiba neno, ingawa tiba ilichelewa kumpa jibu.

Kwa miaka mingi sababu ya konzo ilibaki kitendawili. Katika miaka ya 1980 virusi navyo vilishukiwa, lakini vile vilivyotafutwa katika damu ya wagonjwa havikuthibitika kuwa chanzo. Mwanga ulianza kutoka nje ya nchi. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali katika mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu. Huko ugonjwa uliitwa mantakassa. Mwaka 1985 ukame mwingine uliambatana na ugonjwa huo katika wilaya ya Tarime nchini Tanzania. Mahali pote pawili njaa iliwasukuma watu kula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa kwa muda wa kutosha.

4. Barabara ya lami

Huko Bandundu, hata hivyo, hapakuwa na ukame wa namna hiyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1991 ulihusu sehemu moja ya mashambani yenye wakazi 6,764. Walipatikana wagonjwa 110 waliokuwa hai, na habari za wengine 24 waliokwisha kufa. Wenyeji walieleza kwamba ugonjwa ulianza kuonekana kwao karibu na mwaka 1974.

Sababu iliyopatikana inastahili kukumbukwa na kila anayesoma historia ya maendeleo. Barabara mpya ya lami ilikuwa imeliunganisha eneo hilo na Kinshasa. Mji ulihitaji muhogo, magari yalifika kuuchukua, na nyumba zikapata njia ya kununua chumvi, nguo na dawa na kulipa karo za watoto. Mizizi ilipokwenda sokoni kwa wingi, ile ya nyumbani ilipungua, na muda wa kuiloweka ukafupishwa kutoka siku tatu hadi usiku mmoja. Ugonjwa ulifuata mahali na wakati wa desturi hiyo mpya, na hasa msimu wa kiangazi.

Ni vyema kutolaumu barabara yenyewe, wala mama aliyeitoa mizizi majini mapema. Barabara ilileta fedha zilizohitajiwa, na mama alikuwa na watoto wa kulisha jioni ileile. Lakini hesabu ya soko haikuwa na safu ya kuandikia siku mbili zilizopotea. Gharama yake iliandikwa katika miguu ya watoto na ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, ambao ndio wapatwao zaidi na konzo. Baadaye vita navyo vilifanya kazi kama ya njaa na soko: mwaka 2011 ulichapishwa utafiti ulioeleza kutokea kwa konzo huko Burhinyi, Kivu ya Kusini, katika eneo lililoharibiwa na vita.

5. Kitoweo na chumvi

Maji peke yake hayamalizi maelezo. Mwili una njia yake ya kujikinga: huigeuza sianidi kuwa thiosianati, ambayo hutoka katika mkojo. Kazi hiyo huhitaji salfa itokanayo na protini za chakula, kama zile za samaki, nyama, mayai na kunde. Ndiyo maana konzo huchagua nyumba ambazo ugali umebaki karibu peke yake katika sahani. Kitoweo ni sehemu ya kinga, si anasa ya mwenye nacho.

Thiosianati hiyo nayo ina hatari yake, kwa kuwa huizuia tezi ya shingo isipate iodini ya kutosha. Watafiti waliofanya kazi katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, walionyesha mnamo mwaka 1971 kwamba upungufu wa iodini ulikuwa umeenea kisiwani, lakini rovu lilikithiri upande wa kaskazini kuliko kusini-magharibi. Tofauti hiyo ilihusishwa na ulaji wa muhogo. Kwa hiyo chumvi iliyotiwa iodini, kitoweo chenye protini na siku tatu za maji ni kinga zinazosaidiana.

6. Hitimisho

Dawa ya kuwarudishia wagonjwa miguu haijapatikana. Maji yakimwagika hayazoleki. Tena utafiti uliofanywa Kahemba na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hata watoto wasio na konzo katika vijiji vyenye ugonjwa huweza kudhurika katika uwezo wao wa kukumbuka na kujifunza. Kinga, basi, ndiyo njia iliyopo.

Njia moja iliyojaribiwa Kwango, katika kijiji cha Kay Kalenda, tangu mwaka 2010, inafundisha mengi kwa urahisi wake. Unga wa muhogo hutiwa maji kidogo, hutandazwa mwembamba juu ya mkeka kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, na sumu iliyobaki huruka. Kisha unga hupikwa siku hiyohiyo. Haihitaji chombo wala fedha, na wakati wa majaribio hayo hakukutokea wagonjwa wapya kijijini.

Nguvu ya njia hiyo ni kwamba haikumwamuru mama arudi kwenye siku tatu ambazo maisha yalikuwa yamemnyang'anya. Ilizipokea saa chache alizobakiwa nazo na kuzifanya zitoshe. Anayetaka kufundisha ulaji bora vijijini na aulize kwanza swali hilo: si tu wapishi wanajua nini, bali wameachiwa muda gani wa kutenda wanalolijua.