Chama cha Kikomunisti cha India (Kimaksi-Kilenini), Ukombozi

Chama cha siasa za mrengo wa kushoto kabisa nchini India, ambacho asili yake ni maasi ya wakulima wa Naxalbari ya mwaka 1967, na ambacho, baada ya kuususia uchaguzi kwa muda mrefu, kiliridhia kuingia katika medani ya kura kupitia jumuiya ya halaiki iliyoasisiwa mwaka 1982, iliyotwaa kiti cha eneo la Ara bungeni mwaka 1989. Ngome ya chama ni jimbo la Bihar, miongoni mwa mafukara wasiomiliki ardhi. Mwaka 2020, kikiwa katika muungano wa wapinzani, kilijipatia viti 12 vya baraza la jimbo kati ya 19 kilivyovigombea; mwaka 2024 kikapata wabunge wawili wa taifa; lakini mwaka 2025 kilisaliwa na viti 2 tu barazani.