Ulinzi wa Biashara na Benki dhidi ya Utapeli wa Mtandaoni: Mwongozo kwa Waamini

Wazee wa Susuni, na wa Tarime yote, wanaijua desturi ya kufuata nyayo. Ng'ombe wakiibwa usiku, yowe hupigwa, majirani huamka, na nyayo hufuatwa mara moja kabla mvua haijazifuta. Mwenye zizi haoni haya kutangaza msiba wake, kwa kuwa anajua kwamba akinyamaza hadi kesho yake, mifugo itakuwa imekwisha kuvuka mpaka.

Siku hizi mali ya waamini wetu haimo zizini peke yake. Imo katika laini ya simu ya wakala, katika akaunti ya duka la pembejeo, katika akiba ya kikundi cha akina mama, na hata katika michango ya ujenzi wa kigango. Mwizi wa mali hiyo naye huacha nyayo. Kinachompa ushindi ni haraka yetu kabla ya wizi na ukimya wetu baada yake. Hayo mawili ndiyo tunayotaka kuyatafakari hapa.

Maana ya utapeli wa mtandaoni

Utapeli wa mtandaoni ni kujipatia mali ya mwingine kwa hila, kwa kutumia simu, kompyuta au intaneti. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaukataza udanganyifu huo katika kifungu cha 12, na kujifanya mtu mwingine katika kifungu cha 15.

Wengi hudhani kwamba mhalifu wa mtandao ni bingwa wa kompyuta avunjaye mitambo. Wapo wa namna hiyo, lakini mara nyingi mlango hufunguliwa na mwenye mali mwenyewe, baada ya kuaminishwa. Tukumbuke habari ya Isaka katika Mwanzo sura ya 27. Alikuwa haoni. Aliisikia sauti ya Yakobo, akashuku, lakini mikono aliyoipapasa ilifanana na ya Esau, akatoa baraka. Alama moja ilighushiwa, nyingine ikamtia shaka, naye akaendelea. Hivyo ndivyo utapeli unavyofanya kazi hadi leo: shaka huja, lakini mtu husukumwa asiifuate.

Njia zinazotumika zaidi

Ya kwanza ni ujumbe unaomtaka mtu atume "ile hela" kwenye namba nyingine. Mtapeli huutuma kwa maelfu ya watu, akijua kwamba hawatakosekana wachache ambao siku hiyo kweli wanadaiwa kodi, ada au bei ya saruji.

Ya pili ni ujumbe bandia wa muamala. Mteja humwonesha wakala ujumbe unaofanana na ule wa kampuni ya simu, kwamba fedha zimeingia, na wakala hutoa taslimu. Jioni, akikagua floti yake, hukuta pengo. Kwa mwenye mtaji mdogo, pengo la siku moja laweza kufunga kibanda na kumrudisha mtoto nyumbani kutoka shule.

Ya tatu ni simu ya mtu anayejitambulisha kuwa ofisa wa benki au wa kampuni ya simu. Hudai kwamba laini itafungwa, kisha huomba namba ya siri, au zile tarakimu za uthibitisho zilizotumwa punde. Mwenye kuzitoa amekabidhi funguo.

Ya nne ni kuhamisha namba. Mhalifu hupata kadi mpya ya simu yenye namba ya mwingine, na tangu hapo ujumbe wote wa benki humfikia yeye. Dalili yake ni simu kupoteza mtandao ghafla, huku za majirani zikifanya kazi.

Ya tano huwalenga wafanyabiashara wakubwa na taasisi, zikiwemo parokia na shule zetu. Mhalifu hujipenyeza katika barua pepe za muuzaji, kisha hutuma ankara iliyo sawa kwa kila kitu isipokuwa namba ya akaunti.

Benki nazo hazijasalimika

Mwezi Februari 2016, wahalifu waliingia katika mfumo wa Benki Kuu ya Bangladesh na kutuma maagizo bandia ya malipo ya karibu dola bilioni 1 kutoka akaunti yake iliyoko New York. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Dola milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka zilizuiwa kwa sababu jina la mpokeaji lilikuwa na kosa la tahajia, na mtumishi wa benki iliyopitisha malipo akasita na kuuliza. Kusita kwa mtu mmoja kuliokoa fedha nyingi.

Jirani zetu wa Uganda nao, Novemba 2024, walisikia Serikali yao ikikiri bungeni kwamba fedha ziliibwa kutoka akaunti zilizo Benki Kuu. Mwaka 2025 maofisa wa Wizara ya Fedha walifikishwa mahakamani. Hukumu ni ya mahakama, lakini fundisho liko wazi: ulinzi haukomei kwa adui wa nje. Taasisi hujilinda pia kwa utaratibu unaowabana waliomo ndani.

Kinga

Kwa wakala na mwenye duka: msiamini ujumbe, aminini salio. Kagueni salio lenu wenyewe kabla ya kutoa fedha au bidhaa, hata kama mteja ana haraka, na hasa akiwa na haraka. Namba ya siri isijulikane kwa msaidizi wa dukani, wala isiandikwe ukutani. Kampuni za simu humpigia mteja kwa namba 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida akidai kuwa huduma kwa wateja akatiwe simu.

Kwa kila mwenye laini: usajili kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kufungwa. Pigeni *106# ili mwone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Mkikuta msiyoitambua, nendeni kwa mtoa huduma iondolewe. Laini ikitumika kutapeli, wa kwanza kutafutwa ni yule ambaye jina lake limeandikwa.

Kwa kikundi, SACCOS, shule na parokia: malipo yaandaliwe na mmoja na kuidhinishwa na mwingine, kila mmoja akiwa na nywila yake. Muuzaji akileta akaunti mpya, apigiwe kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo katika ujumbe huo. Vitabu vilinganishwe na taarifa ya benki mara kwa mara, na programu za kompyuta zisasishwe. Katibu anayeomba uthibitisho kabla ya kulipa asihesabiwe kuwa amemkosea adabu paroko au mwenyekiti. Anatimiza wajibu wake.

Sauti nayo si ushahidi tena. Katika ujumbe wake wa tarehe 24 Januari 2024 kwa Siku ya 58 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, Baba Mtakatifu Fransisko alionya juu ya picha na sauti zinazotengenezwa kwa akili mnemba, akasema kwamba yeye mwenyewe aliwahi kughushiwa hivyo. Basi sauti ya padre au ya mtoto aliye masomoni ikiomba fedha ghafla, ikateni na mpige wenyewe.

Wizi ukitokea

Pigeni yowe upesi. Wapigieni benki au kampuni ya simu wazuie muamala na laini, kwa maana fedha huhamishwa kutoka akaunti moja hadi nyingine kwa dakika chache. Tumeni ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Toeni taarifa Polisi, msifute ujumbe wowote, na andikeni saa na kiasi. Kisha waambieni wanajumuiya, ili mtego ulionasa nyumba moja usinase ya pili. Aliyetapeliwa si mjinga wa kuchekwa. Ni mtu aliyeibiwa. Tukimcheka, atakayefuata atanyamaza, na mwizi atashukuru kwa kicheko chetu.

Neno kwa dhamiri

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2409, inahesabu udanganyifu wa biashara na kughushi hundi na ankara kuwa makosa dhidi ya Amri ya Saba. Haidhuru chombo ni simu. Tunawasihi hasa vijana: kumkodisha mtu laini au kitambulisho chako huku ukishuku atakachofanya ni kushiriki katika wizi. Aliyepokea fedha zilizokosewa namba naye hana "bahati". Ana mali ya mtu mkononi. Mfanyakazi wa benki anayeuza taarifa za wateja ameuza imani waliyompa.

Namba 2412 inafundisha kwamba haki inadai mali iliyoibwa irudishwe kwa mwenyewe. Zakayo, katika Luka sura ya 19, hakuishia kusikitika. Aliahidi kurudisha mara nne. Anayekuja kuungama utapeli na aje pia na nia ya kurudisha, hata kama ni kidogo kidogo. Msamaha wa Mungu haukosekani, lakini yule mama aliyefunga kibanda chake bado anasubiri mtaji wake.

Mtakatifu Mathayo Mtume, uliyeitwa kutoka meza ya ushuru, utuombee.