Kopo la kuondoa mawazo lilitoka wapi?

Najua nimeadimika, si mnajua tena mambo ya testi na asaimenti zinazokuja kwa mkupuo. Leo sina udaku wa hosteli. Nataka tuongee kuhusu yale makopo yanayozunguka vyumbani kila UE ikikaribia, yale ya unga wa mizizi na vidonge vya kijani. Wauzaji wanasema yanaondoa msongo wa mawazo, yanaongeza kumbukumbu, yanasafisha damu na sijui nini tena. Mimi ni mtu wa Historia bwana, kitu kikiletwa mbele yangu nauliza kwanza kimetoka wapi.

Kilichonifanya niandike ni dada mmoja wa mwaka wa pili, simtaji. Ana sapu mbili, nyumbani mambo si mazuri, na wiki ya tatu hii hapati usingizi. Moyo unamwenda mbio, tumbo linamchoma. Wenzake walimwambia twende hospitali, akajibu, "Nyie mnataka nipelekwe Mirembe?" Badala yake akanunua makopo mawili kwa mwanafunzi mwenzetu, na hela ya kula ya wiki mbili ikaishia hapo. Kwa hiyo mawazo ni yaleyale, ila sasa ana njaa pia...

Haya, tuanze na stresi yenyewe. Kuwa na mawazo ni jambo la tangu enzi, lakini habari ya kwamba mawazo na shida ni kitu kimoja kinachoweza kupimwa mwilini si ya zamani sana. Mwaka 1936, huko Montreal nchini Kanada, Hans Selye alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Alikuwa akiwachoma panya sindano za aina mbalimbali, akiwaweka kwenye baridi, akiwachosha, na kila alipowapasua alikuta mambo yaleyale: tezi za juu ya figo zimevimba, tezi ya kinga iliyopo kifuani imesinyaa, na tumbo lina vidonda. Akaona mwili unajibu kila shida kwa njia moja, na baadaye neno stresi ndilo likashika duniani kote.

Alichokiona hakikuwa uongo. Ukishtuka, zile tezi humwaga homoni, mojawapo inaitwa kotisoli. Sukari hupanda kwenye damu, presha hupanda, unapata nguvu ya kukimbia. Kwa dakika chache ni msaada mkubwa, tatizo ni pale hali hiyo inapokaa miezi. Usingizi unapotea, presha inazoea kuwa juu, kinga inalegea. Kwa hiyo ukimwambia mtu "ni mawazo tu", hilo neno TU liondoe.

Ila msimfanye Selye mtume. Nyaraka za makampuni ya sigara zilizokuja kuwekwa wazi zilionyesha kwamba walimlipa, kwa sababu iliwafaa sana dunia iamini kwamba moyo unauliwa na stresi na sio na moshi. Na ile ya vidonda vya tumbo nayo ilikuja kubadilika. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria kwa makusudi (wazimu huo!) na tumbo lake likashikwa na uvimbe. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya bakteria hao. Kwa hiyo wewe ambaye tumbo linakuchoma na unaambiwa ni mawazo, huenda una mdudu anayetibika kwa antibaotiki, na kopo halimgusi.

Sasa kopo. Wazo la dawa moja ya kuusaidia mwili uvumilie kila aina ya stresi wengi hudhani ni hekima ya kale. Jina lenyewe, adaptojeni, lilibuniwa mwaka 1947 katika Urusi ya Kisovieti na mtu aitwaye Nikolai Lazarev, na dawa aliyokuwa anaichunguza haikuwa hata jani, ilikuwa kemikali ya maabara! Ndipo mwanafunzi wake Israel Brekhman akageukia mizizi, akitafuta kitu cha kuwafanya watu wafanye kazi zaidi bila kuchoka. Ona lengo hilo. Halikuwa kumpunguzia mtu mzigo, lilikuwa kumwezesha aubebe muda mrefu zaidi.

Siku hizi mzizi unaovuma ni ashwagandha, na lebo inaonyesha umetoka India. Lakini mmea huo, Withania somnifera, ni wa asili pia katika sehemu kavu za Afrika, Tanzania ikiwemo. Sisemi hauna kitu. Kuna tafiti ndogo za wiki chache ambazo watu waliokunywa walisema mawazo yamepungua. Kuna pia taarifa za watu walioumia ini, na mwaka 2023 Denmark iliupiga marufuku.

Turudi huku kwetu uwandani, maana kama kuna watu walioijua shida ni wa huku. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo, wakachukua na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza waliingia Dodoma mwaka 1916 na wao wakaendelea kuchukua. Kisha mvua ikagoma, ikaja na homa kali ya mafua ya 1918. Njaa ya miaka ile, 1917 hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya, yaani kugombania. Mwanahistoria Gregory Maddox anakadiria kwamba walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Mmoja katika kila watano! Hesabu tu vitanda vya chumbani kwenu.

Wagogo walikuwa na mizizi yao na waganga wao. Lakini lililonigusa katika kusoma ni jambo alilolieleza Peter Rigby, aliyeishi nao na kuandika miaka ya 1960. Nchi ikiharibika, mvua ikikosekana au ng'ombe wakiugua, wanawake walivaa kiume, wakashika fimbo, wakachunga ng'ombe wao wenyewe, wakacheza hadi mpakani na kuutupa ule ubaya huko. Hakuna aliyejifungia ndani na dawa yake. Shida ilikuwa ya kijiji, na kijiji kizima kilitoka nje kuishughulikia. Msinielewe kwamba nataka tucheze ngoma hadi Bahi ili bumu liingie, ingawa nawajua watakaokubali...

Na Mirembe? Ilianzishwa na Waingereza mwaka 1927 hapahapa Dodoma, ikawa hospitali kubwa ya magonjwa ya akili nchini. Karibu yake kuna Isanga, ya wagonjwa waliofikishwa mahakamani, na nadhani hofu yetu nyingi inatoka huko. Baada ya uhuru nchi ilijaribu vijiji ambako wagonjwa walilima na kuishi na jamaa zao badala ya kufungiwa. Tumeyasahau hayo, tumebaki na utani: ukicheka peke yako, Mirembe; ukisoma sana, Mirembe. Halafu mtu asiyelala wiki tatu anaogopa kuvuka geti la hospitali yoyote. Muuzaji wa makopo hahitaji tangazo, utani wetu unamtangazia bure.

Siwachukii wenye mizizi. Muhimbili ina kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu 1974, na sheria ya tiba asili tunayo tangu 2002, kwa hiyo mganga aliyesajiliwa yupo na unaweza kumuuliza maswali. Mlonge na ubuyu mimi nakula, ni chakula kizuri na bei yake sokoni haitishi. Ila mkumbuke Loliondo 2011, kikombe kilikuwa shilingi 500 tu, na gharama kubwa waliilipa wale walioacha ARV. Hata majani yana ugomvi na dawa nyingine: lile linaloitwa St John's wort, linalouzwa kwa ajili ya huzuni, linapunguza nguvu ya ARV na ya vidonge vya uzazi wa mpango. Akina dada, hapo nimewaambia.

Wagogo wa Mpwapwa, Kongwa, Bahi na Chamwino mliopo humu, mkienda likizo waulizeni bibi zenu: mtu aliyeshindwa kulala kwa mawazo alipewa nini, na nani alikaa naye usiku? Mkirudi nileteeni majibu, ya mzizi na ya huyo mtu.