Kutwaa Serikali na Kuishika: Chama cha Bolshevik Nchini Urusi

Somo la historia kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, kama lilivyosemwa katika redio

Katika somo lililopita tuliona jinsi mfalme wa Urusi, Nicholas wa Pili, alivyokiacha kiti chake mwezi wa Machi, 1917. Leo tutaendelea na habari za nchi ileile.

Swali letu la leo ni hili: chama kikitwaa serikali kwa nguvu, huishikaje isiwaponyoke mikononi? Kutwaa huweza kuwa kazi ya usiku mmoja. Kushika ni kazi ya miaka.

Kwanza mwalimu aandike ubaoni maneno mawili. Neno la kwanza ni Sovieti. Ni neno la Kirusi, maana yake ni baraza. Mwaka 1917 wafanyakazi, askari na wakulima wa Urusi walichagua mabaraza yao kila mahali. Neno la pili ni Bolshevik, maana yake watu wa upande wa wengi. Hilo lilikuwa jina la chama kilichoongozwa na Lenin. Tarehe zote za somo hili ni za kalenda tunayoitumia sisi.

USIKU MMOJA

Baada ya mfalme kuondoka, Urusi ilitawaliwa na Serikali ya Muda, na mkubwa wake wa mwisho alikuwa Kerensky. Serikali hiyo iliendelea kupigana vita na Ujerumani, na jambo la ardhi ikaliahirisha. Askari walichoka, na wakulima walichoka kungoja.

Tarehe 7 Novemba, 1917, wafanyakazi wenye silaha pamoja na askari na mabaharia wa upande wa Bolshevik walishika mji mkuu, Petrograd. Hawakuanza na jumba la mawaziri. Walishika kwanza madaraja, stesheni za reli, posta, ofisi za simu na benki ya taifa. Usiku wa manane wakaingia katika jumba na kuwakamata mawaziri. Kerensky alikuwa amekwisha kuondoka mjini kwa motokaa.

Basi Lenin akawa mkuu wa serikali mpya. Lakini angalieni hali yake. Urusi ilikuwa nchi kubwa mno, na watu wake wengi walikuwa wakulima, na chama cha Bolshevik kilikuwa na nguvu mijini. Makarani wa serikali na wa benki waligoma, hata serikali mpya ikakosa fedha mpaka ilipowatumia askari kuzichukua. Watu wengi walidhani kwamba serikali hiyo haitamaliza majuma machache.

ARDHI NA AMANI

Jambo la kwanza walilofanya ni kuwapa watu walichokuwa wakikililia. Siku ya pili tu, tarehe 8 Novemba, zilitoka amri mbili. Amri ya kwanza iliyataka mataifa yote yanayopigana yafanye amani. Amri ya pili iliondoa ardhi mikononi mwa mabwana wakubwa, bila malipo, ili igawanywe kwa wakulima.

Amri hiyo ya ardhi ilifuata zaidi maombi ya wakulima wenyewe, ambayo chama kingine, chama cha Wajamaa wa Mapinduzi, kilikuwa kimeyakusanya. Lenin aliyachukua maombi hayo na kuyafanya sheria. Kwa njia hiyo aliwapa wakulima sababu ya kuikubali serikali yake, au angalau ya kutoipinga. Amani ilikuja mwezi wa Machi, 1918, kwa bei kubwa: Urusi ilipoteza nchi nyingi za magharibi, pamoja na Ukraine yenye nafaka nyingi.

MAGAZETI, POLISI NA BUNGE

Jambo la pili walilofanya ni kufunga vinywa na milango. Siku mbili tu baada ya kushika mji, ilitoka amri ya kufunga magazeti yanayoipinga serikali. Amri yenyewe ilisema kwamba ni ya muda tu, na kwamba itaondolewa mambo yakitulia. Ndugu wasikilizaji, likumbukeni neno hilo, "ya muda". Tutalirudia.

Tarehe 20 Desemba, 1917, iliundwa polisi ya siri iliyoitwa Cheka, chini ya mtu aliyeitwa Dzerzhinsky. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta wapinzani wa mapinduzi. Mwezi wa Agosti, 1918, mkubwa wa Cheka wa Petrograd aliuawa, na Lenin mwenyewe alipigwa risasi akajeruhiwa. Baada ya hapo maelfu ya watu waliuawa bila kufikishwa mbele ya hakimu.

Sasa tuje kwenye habari ya Bunge. Kwa miaka mingi vyama vyote vya mapinduzi vya Urusi vilikuwa vimedai Bunge la kutunga katiba. Uchaguzi wake ulianza mwezi wa Novemba, 1917, Bolshevik wakiwa tayari madarakani. Wajamaa wa Mapinduzi walipata kura karibu 40 katika kila 100. Bolshevik walipata karibu 24, ingawa katika Petrograd na Moscow walikuwa wa kwanza.

Bunge lilikutana tarehe 18 Januari, 1918. Siku hiyohiyo watu walioandamana kuliunga mkono walipigwa risasi, na baadhi yao wakafa. Wajumbe walikaa mpaka usiku ukaisha. Ndipo baharia mmoja, mkubwa wa walinzi, alipomwambia mwenyekiti kwamba wajumbe waondoke kwa kuwa walinzi wamechoka. Walipotaka kurudi, walikuta milango imefungwa. Bunge hilo halikukutana tena pale. Bolshevik walisema kwamba Sovieti zao ni bora kuliko Bunge. Lakini mwezi wa Juni mwaka uleule vyama vikubwa vya upinzani vilifukuzwa hata katika Baraza Kuu la Sovieti.

VITA NA POSHO

Kuanzia mwaka 1918 Warusi walipigana wao kwa wao. Upande mmoja lilikuwa Jeshi Jekundu la Bolshevik, na upande wa pili Weupe, yaani majemadari wa zamani na wenzao, waliosaidiwa na mataifa ya nje.

Trotsky ndiye aliyelijenga Jeshi Jekundu. Kwa kuwa hakuwa na maofisa wa kutosha, aliwachukua maelfu ya maofisa wa jeshi la mfalme. Lakini kila mkubwa wa jeshi aliwekewa pembeni mtu wa chama wa kumwangalia, na jamaa za maofisa zilitiwa hatarini ikiwa mtu wao atakimbilia kwa adui.

Bolshevik walishinda kwa sababu gani? Walikuwa katikati ya nchi, penye reli nyingi na viwanda vya silaha. Adui zao walikuwa mbalimbali, tena hawakupatana. Na jambo kubwa kuliko yote, wakulima waliogopa kwamba Weupe wakishinda, mabwana wa zamani watarudi kuchukua ardhi.

Hata hivyo wakulima hawakuwa na raha. Ili kulisha miji na jeshi, serikali ilipeleka watu wenye bunduki vijijini kuchukua nafaka. Mjini chakula kiligawanywa kwa posho. Mfanyakazi wa kazi nzito alipewa zaidi, na aliyekuwa tajiri zamani alipewa kidogo kabisa. Mwenye ghala ya mkate alikuwa na nguvu kama mwenye bunduki.

Tusiache kusema kwamba serikali ile pia ilijenga. Tarehe 26 Desemba, 1919, katikati ya vita, ilitoka amri kwamba kila mtu asiyejua kusoma, mwenye umri wa miaka 8 hadi 50, ajifunze. Mfanyakazi aliyejifunza alipunguziwa saa mbili za kazi kila siku, na mshahara wake haukupunguzwa. Sisi wa kisomo twajua thamani ya saa mbili hizo. Lakini magazeti waliyopewa watu kusoma yalikuwa ya upande mmoja tu.

MABAHARIA WA KRONSTADT

Kufikia mwanzo wa mwaka 1921 Weupe walikuwa wamekwisha kushindwa. Je, mambo yalitulia, milango ikafunguliwa?

Karibu na Petrograd kuna ngome ya bahari iitwayo Kronstadt. Mabaharia wake walikuwa miongoni mwa waliowasaidia Bolshevik kutwaa serikali. Mwezi wa Machi, 1921, mabaharia wa Kronstadt walidai Sovieti zichaguliwe upya kwa kura ya siri, na wafanyakazi na wakulima wawe huru kusema na kuandika. Serikali haikukubali. Jeshi lilivuka bahari iliyoganda kwa baridi, na tarehe 18 Machi ngome yote ikawa imekwisha kutekwa.

Majuma hayohayo mkutano mkuu wa chama ulikuwa ukifanyika Moscow. Mkutano huo ulifanya mambo mawili. Uliacha kuwanyang'anya wakulima nafaka, ukaweka kodi badala yake, ili mkulima aweze kuuza kinachobaki. Huko ni kulegeza kamba. Lakini pia ulikataza makundi ndani ya chama. Mwanachama hakuruhusiwa tena kukusanyika na wenzake kuupinga uamuzi wa wakubwa. Huko ni kukaza.

Kodi ile ilichelewa kuwaokoa wengi. Ukame, pamoja na unyang'anyi wa nafaka uliotangulia, ulileta njaa ya mwaka 1921 na 1922, na watu kama milioni 5 wakafa.

MLANGO ULIOFUNGWA

Wazee wetu husema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwaka 1922 Stalin alifanywa Katibu Mkuu wa chama. Kwa kazi hiyo alipata nguvu ya kuwapa watu vyeo na kuwahamisha. Lenin alikufa mwaka 1924. Wenzake wa zamani walipotaka kumpinga Stalin, walijikuta hawana gazeti la kuandikia, wala Bunge la kusemea, wala ruhusa ya kuwa kundi. Wao wenyewe walikuwa wameyakubali makatazo hayo.

Zinoviev na Kamenev waliuawa kwa hukumu mwaka 1936, na Bukharin mwaka 1938. Trotsky aliuawa Mexico mwaka 1940. Katika wajumbe 1,966 wa mkutano mkuu wa chama wa mwaka 1934, wajumbe 1,108 walikamatwa baadaye. Habari hiyo ilitolewa mwaka 1956 na Khrushchev, mkuu wa chama kilekile.

Na ile amri ya magazeti iliyoitwa ya muda? Sheria ya kuondoa ukaguzi wa magazeti ilitoka mwaka 1990, yaani baada ya miaka zaidi ya 72. Mwaka uliofuata, 1991, chama kilipoteza serikali.

Basi, kwa kifupi, Bolshevik waliishika serikali kwa mikono miwili. Mkono mmoja ulitoa ardhi, amani, posho na shule. Mkono wa pili ulifunga magazeti, Bunge, vyama vingine, na mwisho wanachama wao wenyewe. Walisema kila mlango unafungwa kwa sababu ya adui. Adui aliposhindwa, hakuna aliyebaki mwenye nguvu ya kuwaambia wafungue.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Bolshevik walishika reli, posta na benki kabla ya jumba la mawaziri?
2. Kwa nini wakulima wengi hawakuwataka Weupe, ingawa Bolshevik waliwanyang'anya nafaka?
3. Mabaharia wa Kronstadt walidai nini? Je, madai yao yalikuwa mapya?
4. Serikali ikisema kwamba amri fulani ni ya muda, wananchi waulize maswali gani?

Mwalimu ampe kila mtu nafasi ya kusema, hata asiyejua bado kuandika. Kwa herini mpaka somo lijalo.