Murabaha: pikipiki ya milioni 3 unairudisha kwa milioni 3.6, halafu unaambiwa hakuna riba?

Niko Kawetele, Tukuyu. Mvua kama kawaida yake.

Juzi kijiweni kwa bodaboda dogo mmoja alinibana: "Kaka, hizi benki za Kiislamu zinasema hazitozi riba. Mbona pikipiki ya milioni 3 unarudisha milioni 3 na laki 6? Si riba ile ile imevaa kanzu?" Huku Rungwe Wamoravian na Walutheri ndio wengi, kwa hiyo swali hili nalisikia sana, na wala si la kijinga. Jibu lake liko kwenye madaftari ya benki.

Historia kidogo. Kenya walitangulia mwaka 2008 na Gulf African Bank na First Community Bank. Kwetu Amana Bank ilifungua milango Novemba 2011, benki ya kwanza nchini kufuata sharia moja kwa moja. CRDB wakaja na Al Barakah mwaka 2021. Mteja haulizwi dini.

Sasa twende kwenye pikipiki. Mkataba wake unaitwa murabaha, na ni biashara ya kuuziana. Benki inanunua pikipiki kwa 3,000,000, na kwenye daftari inaingia kama bidhaa yake. Ikiungua dukani kabla hujauziwa, hasara ni ya benki. Halafu inakuuzia kwa 3,600,000, ikikwambia wazi bei ya kununulia na faida yake. Hapo ndipo bidhaa inatoka kwenye daftari na wewe unaingia kama mdaiwa, laki 3 kila mwezi kwa miezi 12. Ile hatua ya kwanza ikirukwa, ukapewa pesa mkononi tu, basi dogo yuko sahihi: kanzu juu, riba ndani.

Na ukichelewa kulipa? Deni haliongezeki ili benki ipate zaidi. Faini inaweza kuwepo, lakini haiingii kwenye mapato ya benki. Inawekwa akaunti ya pembeni na kupelekwa kwenye sadaka, chini ya usimamizi wa bodi ya sharia. Mimi nikisoma hesabu za benki hizi naanzia hapo.

Kuna mvutano mmoja ambao wahasibu wenyewe hawajaumaliza. Ile faida ya laki 6 inaandikwa lini? Ukiigawa sawasawa ni 50,000 kila mwezi. Lakini Tanzania tunafuata viwango vya kimataifa vya IFRS tangu 2004, na hivyo vinaangalia pesa inavyotembea, sio jina la mkataba. Kwa hesabu hiyo mwezi wa kwanza benki inaandika faida karibu 88,000, na mwezi wa mwisho haifiki 9,000, sawa kabisa na mkopo wa riba! AAOIFI, chombo kilichoanzishwa 1990 na chenye makao Bahrain, kina viwango vyake kwa ajili ya mikataba kama hii, ila sio kila nchi inavitumia.

Hili linakugusa wewe pia. Ukipata hela mwezi wa nne ukataka kumaliza deni, kimsingi unadaiwa bei yote uliyokubali, maana ulinunua kitu kwa bei moja. Punguzo, wanaliita ibra, ni hiari ya muuzaji. Malaysia benki kuu yao iliwalazimisha mabenki kulitoa. Usidhani na huku ni hivyo hivyo, uliza kabla ya kusaini.

Dogo nikamwambia aombe kuona karatasi mbili: risiti ya duka inayoonyesha mnunuzi ni benki, na mkataba wa mauzo uliosainiwa baada ya hapo. Alhamisi anakwenda Mbeya mjini kuziulizia.